Dhana Kwanza, Data Baadaye: Kuwafundisha Wanafunzi Kubuni na Kupima Nadharia Tete kwa Kanzidata

Kompyuta inapoingia darasani, jambo la kwanza ambalo wanafunzi hufundishwa kwa kawaida ni kutafuta jibu lililokwisha kuwekwa na mtu mwingine: huandika neno, hubonyeza, na jibu hutokea. Ujuzi huo una manufaa yake, lakini haumfanyi mwanafunzi kuwa mtafiti, kwa sababu mtafiti hutamka kwanza kile anachodhani kuwa ni kweli, hueleza ni ushahidi wa namna gani ungeweza kumkanusha, kisha ndipo huziendea data ili zimhukumu. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuwafundisha wanafunzi utaratibu huo kwa kutumia kanzidata, na hoja inayotetewa ni kwamba thamani ya kanzidata darasani haimo katika wingi wa taarifa zilizomo, bali katika uwezo wake wa kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea na kumwonyesha amekosea wapi.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Nadharia tete ni kauli inayotoa jibu la muda kwa swali fulani, jibu ambalo bado halijathibitishwa na ambalo limeundwa kwa namna inayoruhusu kupimwa. Kauli kwamba mvua ni neema si nadharia tete, kwa kuwa hakuna ushahidi unaoweza kuipinga; lakini kauli kwamba siku za mvua wanafunzi wanaohudhuria shuleni huwa wachache kuliko siku za ukavu ni nadharia tete, kwa sababu daftari la mahudhurio linaweza kuikubali au kuikataa. Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1934, alilifanya jambo hili kuwa mpaka wa sayansi yenyewe, akisema kwamba kauli ya kisayansi hutambulika kwa kuwa inaweza kukanushwa na ushahidi. Kanzidata, kwa upande wake, ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa kwa utaratibu mmoja, ambamo kila kitu au kila mtu anayehusika ana mstari wake, unaoitwa rekodi, na kila sifa inayoandikwa juu yake, kama vile umri, jinsia au mahali alipotoka, ina safu yake. Sifa inayobadilika kutoka rekodi moja hadi nyingine huitwa kigeu, na nadharia tete nyingi zinazofaa kwa wanafunzi ni madai juu ya uhusiano kati ya vigeu viwili.

Mfano ambao umetumiwa kwa muda mrefu katika ufundishaji wa takwimu, na ambao una mafunzo mengi kuliko unavyoonekana kwa haraka, ni kumbukumbu za watu waliokuwa ndani ya meli ya Titanic. Meli hiyo iliondoka Southampton, Uingereza, tarehe 10 Aprili 1912, ikagonga mwamba wa barafu usiku wa tarehe 14 katika Bahari ya Atlantiki, na kuzama alfajiri ya tarehe 15. Mashua za kuokolea watu zilikuwa 20, nazo zote kwa pamoja zilikuwa na nafasi za watu 1,178 tu. Ripoti ya uchunguzi wa serikali ya Uingereza, ulioongozwa na Lord Mersey, iliyotolewa tarehe 30 Julai 1912, ilihesabu watu 2,201 waliokuwa melini, na kati yao 711 ndio walionusurika. Kila mmoja wao anaweza kuandikwa katika mstari wake pamoja na vigeu vinne: daraja alilosafiria au kama alikuwa mfanyakazi wa meli, jinsia yake, kama alikuwa mtu mzima au mtoto, na kama alinusurika au alikufa. Kanzidata ya vigeu vinne ni ndogo mno, na udogo huo ni faida, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuyaelewa yote yaliyomo kabla ya kuanza kuuliza maswali.

Hatua ya kwanza hufanyika wakati kompyuta bado imezimwa. Mwalimu huwasimulia wanafunzi ajali ilivyotokea, huwaeleza kwamba kanzidata ina vigeu gani, kisha humtaka kila mmoja aandike daftarini nani anadhani walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kunusurika, na kwa sababu gani. Wengi huandika kwamba matajiri walinusurika zaidi kuliko maskini. Hapo mwalimu asikimbilie kusema kweli wala si kweli, bali aulize maswali yanayoilazimisha kauli hiyo isimame kwa miguu yake: tajiri ni nani katika kanzidata ambayo haina safu ya mali wala mshahara, na kunusurika zaidi maana yake ni nini? Baada ya majadiliano wanafunzi hukubaliana kwamba daraja la safari litasimama badala ya utajiri, na kauli yao hugeuka kuwa hii: sehemu ya abiria wa daraja la kwanza walionusurika ni kubwa kuliko ya daraja la pili, na ya daraja la pili ni kubwa kuliko ya daraja la tatu. Kazi hiyo ya kuligeuza neno la kawaida kuwa kitu kinachopimika ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika somo hili, na mwalimu anayeiruka ili awahi kompyuta ameuruka moyo wa somo.

Sharti la pili la hatua hii ni kwamba chini ya kila nadharia tete mwanafunzi aandike sentensi nyingine inayoanza kwa maneno haya: nitakubali kwamba nimekosea endapo data zitaonyesha kwamba. Sentensi hiyo ndiyo kinga dhidi ya tabia inayowapata watafiti wa umri wote, yaani kuitazama data kwanza, kuona inaelekea wapi, kisha kudai kwamba huko ndiko mtu alikotarajia tangu mwanzo. Anayebuni nadharia tete baada ya kuyaona majibu hajapima chochote. Ameeleza tu alichokiona, na maelezo hayo yanahitaji kupimwa kwa data nyingine kabla ya kuaminiwa.

Ndipo kanzidata hufunguliwa, na kosa la kwanza ambalo darasa karibu lote hulifanya huonekana papo hapo. Mwanafunzi huiamuru programu ichuje rekodi, yaani ibakize zile zinazotimiza sharti fulani na kuziacha nyingine, kisha huhesabu walionusurika katika kila daraja. Anapata watu 203 wa daraja la kwanza, 118 wa daraja la pili na 178 wa daraja la tatu, na kwa kuwa 178 ni zaidi ya 118, hutangaza kwamba nadharia tete imeanguka, kwa maana daraja la tatu lilinusurika kuliko la pili. Mwalimu hana haja ya kumsahihisha kwa maneno. Inatosha amuulize katika kila daraja walikuwamo watu wangapi. Jibu ni kwamba daraja la kwanza lilikuwa na watu 325, la pili 285 na la tatu 706, kwa hiyo walionusurika ni asilimia 62 katika daraja la kwanza, asilimia 41 katika la pili na asilimia 25 katika la tatu. Mwanafunzi aliyelipitia kosa hilo kwa mikono yake mwenyewe huelewa maana ya asilimia kwa namna ambayo mazoezi mengi ya ubaoni hayawezi kumfikishia: idadi peke yake haisemi kitu mpaka ijulikane imetoka katika jumla gani.

Kufikia hapo nadharia tete imepita, na darasa lisiloongozwa vizuri hufurahi na kufunga madaftari. Mwalimu makini huligeuza tokeo hilo kuwa mwanzo wa swali jipya, kwa kuuliza kama utaratibu huo wa madaraja unabaki vilevile wanawake na wanaume watu wazima wakitazamwa mbali mbali. Kwa upande wa wanawake pamoja na wasichana, utaratibu unabaki: daraja la kwanza walinusurika 141 kati ya 145, daraja la pili 93 kati ya 106, na daraja la tatu 90 kati ya 196, yaani asilimia 97, 88 na 46. Lakini kwa wanaume watu wazima jambo lisilotarajiwa hutokea. Daraja la kwanza walinusurika 57 kati ya 175, sawa na asilimia 33. Daraja la pili walinusurika 14 tu kati ya 168, sawa na asilimia 8. Na daraja la tatu walinusurika 75 kati ya 462, sawa na asilimia 16. Mwanamume aliyelipia tiketi ya daraja la pili alikuwa na nafasi ndogo ya kunusurika kuliko mwanamume wa daraja la tatu aliyelipa nauli ndogo kuliko yake.

Hapa ndipo ile sentensi ya pili, ya kukubali kukosea, inapofanya kazi yake. Nadharia tete iliyokuwa kweli kwa abiria wote kwa jumla imekataliwa na kundi moja ndani yake, na mwanafunzi mwaminifu hana budi kuiandika upya: kwamba daraja la juu liliongeza nafasi ya kunusurika kwa wanawake, lakini kwa wanaume watu wazima faida hiyo ilionekana katika daraja la kwanza pekee. Kauli hii mpya ni ndefu, haina mvuto wa ile ya kwanza, na haiwezi kupigwa kama kaulimbiu. Hata hivyo iko karibu zaidi na ukweli. Mtoto anayejifunza kwamba ukweli mara nyingi hudai masharti na mipaka amepata silaha itakayomfaa siku atakaposikiliza hotuba za kisiasa, matangazo ya dawa na uvumi wa mitandaoni.

Kanzidata hiyo hiyo ina funzo jingine, ambalo linafaa zaidi kwa wanafunzi wa sekondari. Wakilinganisha abiria wa daraja la tatu na wafanyakazi wa meli, wataona kwamba walionusurika katika daraja la tatu ni 178 kati ya 706, na kwa wafanyakazi ni 212 kati ya 885, yaani asilimia 25 dhidi ya asilimia 24, kwa hiyo daraja la tatu linaonekana kuwa na nafuu kidogo. Wakizitenganisha jinsia, hali inapinduka kabisa. Kwa wanaume na wavulana, wafanyakazi walionusurika ni 192 kati ya 862, sawa na asilimia 22, ilhali wa daraja la tatu ni 88 kati ya 510, sawa na asilimia 17. Na kwa wanawake na wasichana, wafanyakazi walionusurika ni 20 kati ya 23, sawa na asilimia 87, ilhali wa daraja la tatu ni asilimia 46. Wafanyakazi wako mbele katika kila jinsia, lakini jinsia zikichanganywa wanaonekana kuwa nyuma. Sababu ni kwamba wafanyakazi karibu wote walikuwa wanaume, na wanaume ndio waliokufa kwa wingi, ilhali daraja la tatu lilikuwa na wanawake na wasichana 196 walioipandisha asilimia ya jumla. Wanatakwimu hukiita kigeugeu hiki kitendawili cha Simpson, kwa jina la Edward Simpson aliyekieleza katika makala ya mwaka 1951, na mwanafunzi aliyekiona mara moja hatasahau kuuliza, mbele ya ulinganisho wowote wa jumla, kama makundi yanayolinganishwa yana watu wa aina moja.

Kanzidata ikishasema nani alinusurika, inanyamaza inapoulizwa kwa nini, na mwalimu analo jukumu la kuufanya ukimya huo usikike. Kwa nini wanaume wa daraja la pili walikufa kuliko wengine? Historia inatoa mwanga fulani. Ushahidi uliotolewa baada ya ajali unaonyesha kwamba amri ya kuwatanguliza wanawake na watoto ilieleweka kwa namna mbili: ofisa Charles Lightoller, upande wa kushoto wa meli, aliichukulia kuwa ni wanawake na watoto pekee, na ofisa William Murdoch, upande wa kulia, aliwaruhusu wanaume kupanda pale ambapo hapakuwa na mwanamke karibu. Kutokana na hilo mwanafunzi anaweza kubuni nadharia tete mpya, kwamba wanaume walionusurika walitoka zaidi katika mashua za upande wa kulia. Lakini akirudi kwenye kanzidata yenye vigeu vinne atagundua kwamba haiwezi kumjibu, kwa kuwa haina safu inayoonyesha nani alipanda mashua ipi. Kujua kwamba swali zuri linahitaji data ambazo hazipo mkononi ni maarifa kamili, na mwanafunzi anayeandika hivyo katika ripoti yake anastahili alama kamili.

Hatari kubwa zaidi ni pale data zinapokubaliana na nadharia tete ambayo si sahihi. Mfano wa kihistoria ni ule wa kipindupindu jijini London katikati ya karne ya 19. William Farr, mtakwimu aliyeheshimika katika ofisi iliyosajili vizazi na vifo nchini Uingereza, aliamini kama wengi wa zama zake kwamba ugonjwa huo ulisambazwa na hewa chafu iliyotanda mabondeni, na mwaka 1852 alichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba vifo vilipungua kadiri makazi yalivyokuwa juu zaidi ya mto Thames. Takwimu hizo zilikuwa sahihi na nadharia tete yake ilipita mtihani vizuri, lakini sababu aliyoitaja haikuwa yenyewe. Daktari John Snow alidai kwamba ugonjwa uliletwa na maji, na katika mlipuko wa mwaka 1854 alilinganisha nyumba zilizohudumiwa na kampuni mbili za maji zilizochanganyika katika mitaa ile ile ya kusini mwa London. Nyumba zilizopata maji ya kampuni ya Southwark and Vauxhall, iliyochota maji ya Thames yaliyochafuliwa na majitaka ya jiji, zilikuwa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Zile za kampuni ya Lambeth, ambayo ilikuwa imehamisha machoteo yake kwenda juu ya mto, zilikuwa na vifo 37 kwa kila nyumba 10,000.

Kilichoufanya mtihani wa Snow uwe na nguvu kuliko wa Farr ni kwamba nadharia tete mbili ziliwekwa uso kwa uso mahali ambapo kila moja ilitabiri jambo tofauti. Majirani wa mtaa mmoja walivuta hewa ile ile, kwa hiyo kama hewa ndiyo iliyokuwa na hatia, kampuni ya maji isingeleta tofauti yoyote. Farr naye, baada ya kuzichunguza data za mlipuko wa mwaka 1866 mashariki mwa London, alikubali kwamba maji ndiyo yaliyohusika, na kukubali huko hakukumpunguzia heshima yake. Somo kwa darasa ni bayana: vigeu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kinasababisha kingine, na nadharia tete ikishapita, mwanafunzi atafute maelezo mengine yanayoweza kuzaa tokeo lile lile, kisha atafute mahali ambapo maelezo hayo yanaachana.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na kila kanzidata nayo imeundwa na watu walioamua nini kiandikwe na nini kiachwe. Ripoti ya mwaka 1912 inaonyesha kwamba watoto wote sita wa daraja la kwanza walinusurika, lakini imethibitika kwamba mtoto wa kike wa miaka miwili wa daraja hilo alikufa katika ajali hiyo, kwa hiyo mwanafunzi anayeutumia mstari huo bila kuuhoji hubeba kosa la zaidi ya miaka mia moja. Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki, jambo hili halihitaji kutafutwa mbali. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, taarifa za ajali zilieleza kwamba abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameorodheshwa, ilhali wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Yeyote atakayetaka kupima kwa data hizo nadharia tete kuhusu daraja na kunusurika hataweza, kwa sababu walio maskini zaidi hawakuandikwa. Wanafunzi waelezwe waziwazi kwamba kutoandikwa hakugawanywi sawa katika jamii, na kwamba pengo katika safu ya data mara nyingi lina sura ya watu fulani. Waelezwe pia kwamba kila mstari ulikuwa mtu; katika darasa la Mwanza, la Unguja au la Pemba huenda akawapo mtoto ambaye ukoo wake ulipoteza mtu majini, na mwalimu anayelijua hilo atachagua mfano wake kwa uangalifu na kuuzungumzia kwa heshima.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya shule zenye maabara za kompyuta na umeme usiokatika. Pingamizi hilo lina uzito pale linapozungumzia kasi, lakini halina uzito pale linapozungumzia fikra, kwa kuwa kanzidata inaweza kutengenezwa kwa kadi za karatasi ngumu. Kila kadi ni rekodi, kila mstari juu ya kadi ni kigeu, kuzitenga kadi katika mafungu ndiko kuchuja, na kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa ndiko kupanga kwa kompyuta. Darasa la wanafunzi 60 linaweza kuandika kadi 60 na kuzichambua sakafuni kwa kipindi kimoja, na wanafunzi hao wakija kukutana na lahajedwali, yaani programu ya kompyuta inayopanga taarifa katika mistari na safu, wataona kwamba mashine inafanya kwa kasi kile walichokwisha kukifanya kwa mikono.

Data zenyewe zipo jirani. Chukua ile nadharia tete ya mvua na mahudhurio. Shule yenye daftari la mahudhurio na kipimamvua kilichotengenezwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa inaweza kukusanya, katika muhula mmoja wenye masika au vuli, rekodi moja kwa kila siku ya shule, zenye vigeu vya tarehe, siku ya wiki, milimita za mvua hadi saa moja asubuhi, na idadi ya waliohudhuria kati ya walioandikishwa. Kabla ya kuanza kukusanya, darasa liamue siku ya mvua ni ipi, kwa mfano siku yenye milimita tano au zaidi, na liandike kwamba litakubali kukosea endapo asilimia ya mahudhurio katika siku za mvua itakuwa sawa na ya siku za ukavu au kuizidi. Muhula ukiisha, mwalimu aulize juu ya kigeu cha tatu: je, siku ya gulio ni ipi, na je, mvua kubwa ziliangukia siku hizo kwa bahati tu? Aulize pia kama wasichana na wavulana waliathirika sawa, na kama wanaovuka mto wanatofautiana na wanaokaa karibu na shule. Majina ya wanafunzi yasiingizwe katika kanzidata hiyo, na wala isitumike kumwadhibu yeyote, kwa maana data zilizokusanywa kwa ajili ya kujifunza zikigeuzwa kuwa fimbo, safari ijayo hakuna atakayetoa taarifa za kweli.

Jambo la mwisho, na huenda ndilo linaloamua kama somo litafaulu au litashindwa, ni namna ya kusahihisha. Mfumo unaompa alama mwanafunzi ambaye nadharia tete yake ilikubaliwa na kumnyima yule ambaye yake ilikataliwa huwafundisha watoto kubuni madai mepesi au kuzipinda data. Ripoti inayosema kwamba dai lilikuwa hili, mtihani ulikuwa huu, data zimelikataa, na pengine sababu ni hii, ina thamani sawa na ripoti iliyofaulu, na mara nyingi ina thamani zaidi. Vilevile, dhana ya mwanafunzi isichekwe kabla ya kupimwa. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania alipogundua mwaka 1963, akitengeneza aiskrimu, kwamba mchanganyiko wake wa moto uliganda kabla ya uliopoa, naye alichekwa shuleni aliposema hivyo. Mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoulizwa swali lile lile na kijana huyo, aliagiza jaribio lifanywe maabarani, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ambayo imewafanya wanasayansi wajadili suala hilo hadi leo. Tofauti kati ya waliocheka na aliyepima haikuwa vifaa, kwa sababu maji, jiko na friji vilikuwa karibu na wote.

Kwa hiyo walimu wa hisabati, sayansi, jiografia na historia wanaombwa wasiusubiri mtaala mpya wala maabara mpya ndipo waanze. Watafute orodha moja ya kuaminika, wawatake wanafunzi waandike wanachodhani pamoja na kile kitakachowafanya wakubali kukosea, kisha waifungue orodha hiyo mbele yao. Taifa lenye raia wanaojua kufanya hivyo ni gumu kudanganywa, na kazi ya kuwapata raia hao inaanzia darasani.